Unapopinga deni kwenye ripoti ya krediti Marekani: alama zako zinafanywa nini, na ufanye nini hatua kwa hatua

Afisa wa mikopo alitupigia simu siku ya Alhamisi, mimi na mume wangu. Mkataba wa kununua nyumba tulikuwa tumeshausaini na mkaguzi tumeshamlipa. Hakuuliza habari za mshahara wala akiba. Aliuliza jambo moja tu: mbona akaunti mbili kwenye ripoti zenu zina pingamizi?

Ya kwanza tuliipinga wenyewe miezi mingi nyuma, kosa likarekebishwa, tukasahau. Ya pili ilikuwa kadi ya mume wangu, nzuri kabisa, haijawahi kuchelewa hata siku moja. Hiyo ilipingwa na mtu tuliyemlipa "atusafishie" krediti, naye akapinga kila alichokiona, kizuri na kibaya. Sentensi moja fupi iliyoandikwa chini ya akaunti ilikuwa bado inafanya kazi yake, na sisi hatukujua kama ipo.

Tangu hapo nimekaa mezani kwangu hapa Iowa na watu wengi, Wakongo, Watanzania, Wakenya na Warundi, tukisoma ripoti zao mstari kwa mstari. Haya ndiyo ninayowaeleza, kwa mpangilio ninaoufuata.

Elewa kwanza pingamizi linagusa nini

Kulalamika hakukati alama. Hakuna mfumo unaokuadhibu kwa kusema "hili si kweli". Alama za FICO, ambazo wakopeshaji wengi huzitumia kupima kama unalipa madeni vizuri na zinazokwenda kutoka 300 hadi 850, hazina kipengele cha kuhesabu mapingamizi uliyoweka. Kinachobadilika ni kile ambacho mfumo unaruhusiwa kukiona wakati unapiga hesabu.

Kila mwezi benki, kampuni za kadi na wakusanyaji wa madeni hutuma taarifa zako kwa kampuni tatu za krediti zinazotunza rekodi za madeni ya watu: Equifax, Experian na TransUnion. Taarifa hizo huandikwa kwa muundo mmoja uitwao Metro 2, na ndani ya muundo huo ipo nafasi ya herufi mbili za kueleza hali ya akaunti. XB maana yake mteja anapinga na uchunguzi unaendelea. XH maana yake palikuwa na pingamizi, uchunguzi umekwisha. XC maana yake uchunguzi umekwisha lakini mteja bado hakubaliani na matokeo. Kwenye ripoti unayoisoma wewe huzioni herufi hizo. Unaona sentensi, kwa mfano kwamba mteja anapinga taarifa za akaunti hii.

XB ikiwapo, FICO huiweka kando historia ya malipo ya akaunti ile pamoja na deni lake. XH au XC ikiingia, akaunti inarudi kwenye hesabu kama zamani.

Watu wengi husikia nusu tu ya habari hii. Wanasikia kwamba ukipinga deni lililopelekwa kwa wakusanyaji, alama zinapanda. Ni kweli, zinaweza kupanda, kwa sababu jambo baya limewekwa kando kwa muda. Uchunguzi ukiisha na deni likathibitishwa, linarudi na alama zinashuka tena palepale. Nusu ya pili ni kwamba akaunti nzuri nayo huwekwa kando vilevile, na hapo unapoteza.

Tuchukue kadi mbili. Ya kwanza ina kikomo cha dola 8,000 na unadaiwa 400. Ya pili ina kikomo cha dola 1,000 na unadaiwa 700. Ukijumlisha, unadaiwa 1,100 kati ya 9,000, yaani kama asilimia 12. Hiyo ni picha nzuri. Sasa kwenye ile kadi kubwa wameandika kwamba ulichelewa siku 30 wakati hukuchelewa, nawe unaweka pingamizi. Msimbo wa XB ukiingia, kadi kubwa inaondolewa kwenye hesabu ya madeni. Kinachobaki ni 700 kati ya 1,000: asilimia 70. Hujakopa hata senti moja zaidi, lakini mfumo unamwona mtu aliyebanwa. Na kiasi unachodaiwa ni asilimia 30 ya alama za FICO. Kinazidiwa tu na historia ya malipo, yenye asilimia 35.

Je, usipinge? Pinga. Kosa la kuchelewa likiachwa linaweza kukaa miaka 7. Ila kabla ya kupeleka barua, punguza deni la ile kadi ndogo, na usiombe mkopo wowote mkubwa mpaka uchunguzi uishe. Mpango ni huo tu.

Hatua ya kwanza: chukua ripoti zote tatu

Nenda AnnualCreditReport.com. Ripoti ni bure, na siku hizi unaweza kuzichukua kila wiki. Chukua za kampuni zote tatu, maana kila moja ina faili lake na kosa linaweza kuwa kwenye moja tu. Hifadhi nakala yenye tarehe ya siku hiyo, kwa sababu baadaye utahitaji kuonyesha ilivyokuwa kabla hujapinga. Usitegemee programu ya simu inayokupa alama za bure. Mara nyingi alama zile si zile atakazoangalia mkopeshaji.

Sisi tuliohamia tuna tatizo la pekee ambalo sharti uliangalie kabla ya yote: mafaili yaliyochanganyika. Wakimbizi wengi waliingia Marekani wakiwa wameandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Ongeza majina yanayofanana, majina matatu ambayo hapa yanageuzwa la kwanza kuwa la mwisho, na jengo moja lenye familia kumi za watu wetu. Mashine inayounganisha taarifa inaweza kumtwika mtu deni la mwingine. Kwa hiyo soma kwanza sehemu ya majina na anwani. Ukiona anwani ambayo hujawahi kuishi, au jina ambalo si lako, usilipuuze. Anwani haina uzito wowote kwenye alama, lakini ndiyo uzi utakaokupeleka kwenye akaunti ya mtu mwingine iliyoingia kwako.

Angalia pia mkopo wa tiketi ya ndege kama ulikuja kwa mpango wa wakimbizi kupitia IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Mkopo ule hauna riba, lakini mashirika mengi yanayoukusanya huripoti malipo yako. Ukiulipa vizuri unakujengea krediti. Tunza risiti zake zote, hata za dola 30.

Hatua ya pili: chagua cha kupinga

Pinga kilicho na kosa na unachoweza kukieleza. Akaunti isiyo yako. Malipo yaliyoandikwa yamechelewa wakati hayakuchelewa. Deni moja lililotokea mara mbili, kwa mdai wa mwanzo na kwa wakusanyaji, kote kukiwa na kiasi unachodaiwa. Deni lililopita miaka 7 tangu ulipoanza kushindwa kulipa, hasa kama tarehe hiyo imesogezwa mbele ili lionekane jipya. Kwa deni la hospitali, kampuni hizi tatu zilijiwekea masharti: lililolipwa halitakiwi kuwemo, lisilofikisha mwaka halitakiwi kuwemo, na tangu Aprili 2023 lililoanza chini ya dola 500 nalo halitakiwi kuwemo.

Deni la kweli usilipinge. Nasema hivi nikijua shida iliyopo, maana nimekaa na mama anayedaiwa dola 1,900 na nyumba aliyohama, anajua ni zake, na mtu amemwambia apinge tu, huenda likatoka. Likithibitishwa atabaki na deni lilelile na miezi miwili imekwenda. Huyo tulimsaidia kuongea na mdai kuhusu malipo ya kidogokidogo.

Kuna ugomvi mwingine ambao watu huuchanganya na huu. Ukikuta kwenye taarifa ya kadi umetozwa kitu ambacho hukununua, au bei si ile, hiyo unaipeleka kwa kampuni ya kadi, kwa maandishi, ndani ya siku 60 tangu ilipokutumia taarifa ya kwanza yenye kosa. Wakati wanachunguza hawaruhusiwi kuripoti kwamba umechelewa kulipa kiasi kile unachokibishia. Kiasi kilichobaki endelea kukilipa.

Hatua ya tatu: andika

Peleka barua kwa kila kampuni ya krediti yenye kosa hilo, na nakala kwa mdai aliyelituma. Usimwandikie mdai peke yake. Chini ya sheria ya mwaka 1970 inayosimamia ripoti hizi, FCRA, wajibu wa mdai ambao wewe binafsi unaweza kumshtakia huanza pale pingamizi linapomfikia kupitia kampuni ya krediti. Ukimwandikia yeye tu, umejinyima mlango huo.

Barua iwe fupi. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya ripoti. Kisha kosa lenyewe, namna hii: "Akaunti inayoishia na 4417. Mmeandika malipo ya Machi 2024 yalichelewa siku 30. Si kweli. Nililipa tarehe 11 Machi 2024, kabla ya siku ya mwisho. Taarifa ya benki nimeambatisha. Naomba rekodi hiyo ya kuchelewa ifutwe na akaunti iachwe kama ilivyo." Iandike kwa Kiingereza chepesi, lugha ya wanasheria haikuongezei kitu. Sentensi ya mwisho ina maana yake: unapinga mwezi mmoja, hukatai akaunti nzima. Wako watu walioandika "akaunti hii si sahihi" na kadi ya miaka 9 ikafutwa yote, na mazuri yake.

Ambatisha nakala ya kitambulisho, bili yenye anwani yako, ukurasa wa ripoti uliozungushia kosa kwa kalamu, na ushahidi. Nakala tu, hati halisi zibaki nyumbani. Anwani ni hizi: Equifax, P.O. Box 740256, Atlanta, GA 30374, Experian, P.O. Box 4500, Allen, TX 75013, TransUnion, P.O. Box 2000, Chester, PA 19016. Posta omba huduma ya Certified Mail na Return Receipt, ili urudishiwe uthibitisho kwamba barua imepokelewa.

Mtandaoni pia inawezekana na ni haraka. Mimi huitumia kwa mambo madogo, kama anwani. Kwa kosa lenye ushahidi naamini karatasi, kwa sababu ina tarehe ambayo hakuna anayeweza kuibishia.

Hatua ya nne: hesabu siku

Kampuni ya krediti ikipokea barua yako ina siku 5 za kazi kumjulisha mdai, na siku 30 kumaliza uchunguzi. Siku hizo hufika 45 kama ulipinga baada ya kuchukua ripoti yako ya bure ya mwaka, au kama uliongeza ushahidi katikati. Ikimaliza, ina siku 5 za kazi kukuletea matokeo kwa maandishi. Jambo lisilothibitishwa ndani ya muda huo linatakiwa kufutwa au kurekebishwa.

Kwa hiyo ukijua una ushahidi, uweke wote kwenye bahasha ya kwanza. Kuleta karatasi moja wiki ya tatu kunawapa siku 15 za ziada, na siku hizo zote akaunti yako inaweza kuwa imewekwa kando.

Katika muda huu alama zinaweza kupanda au kushuka kwa sababu niliyoieleza. Usizifuate kila asubuhi. Wala usishangilie zikipanda pointi 40 katikati ya uchunguzi na ukakimbilia kuomba mkopo wa gari; mkopeshaji akiona pingamizi anaweza kukuuliza maswali ambayo hujajiandaa kuyajibu.

Kilichofutwa kinaweza kurudishwa, lakini kwa masharti: mdai athibitishe kwamba ni sahihi na kamili, nayo kampuni ya krediti ikuandikie ndani ya siku 5 za kazi baada ya kukirudisha. Kikirudi kimyakimya, sheria imevunjwa.

Hatua ya tano, ambayo sisi tuliiruka: hakikisha pingamizi limetoka

Matokeo yakifika, subiri mwezi mmoja, kisha chukua ripoti upya. Unatafuta sentensi ile. Kama kosa limerekebishwa na sentensi bado ipo, mpigie mdai aliyeiripoti. Mwambie: "Sina pingamizi tena juu ya akaunti hii. Naomba muondoe maelezo ya pingamizi na mziarifu kampuni zote tatu, na mnipe barua inayosema hivyo." Andika jina la uliyeongea naye, siku na saa. Kama maelezo yaliwekwa na kampuni ya krediti yenyewe, iombe hiyo.

Unaweza pia kuweka maelezo yako mwenyewe ya hadi maneno 100 pale matokeo yasipokuridhisha. Hayagusi alama, kwa kuwa mashine haisomi hadithi. Binafsi sipendekezi, isipokuwa unajua kwamba binadamu ataisoma ripoti ile.

Kama unanunua nyumba

Hapa ndipo pingamizi huuma. Kwa mikopo ya FHA, yaani mikopo ya nyumba yenye dhamana ya serikali, akaunti mbaya zenye pingamizi zikifikisha jumla ya dola 1,000, ombi lako linaondolewa kwenye njia ya kompyuta na kupelekwa kusomwa na mtu, kwa masharti magumu zaidi. Madeni ya hospitali hayahesabiwi humo, wala yaliyotokana na wizi wa utambulisho kama una hati za kuthibitisha. Kwa mikopo ya kawaida inayopitia mfumo wa Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, kompyuta hupima kwanza pamoja na akaunti zenye pingamizi. Ikikubali, mambo yanaendelea. Isipokubali, mkopeshaji lazima achunguze kama taarifa zile ni sahihi.

Sababu yao inaeleweka. Alama zilizopatikana huku akaunti moja imewekwa kando hazionyeshi picha nzima, na mkopeshaji anakukopesha kwa miaka 30.

Maliza mapingamizi yako yote miezi kadhaa kabla ya kuomba. Kama umeshachelewa, mwombe afisa wa mikopo aombe alama zako zipigwe hesabu upya kwa haraka. Huduma hiyo ipo, inachukua siku chache, lakini mkopeshaji ndiye anayeiomba, wewe huwezi. Atahitaji barua ya mdai. Sisi tulipata barua hizo mbili baada ya siku tisa za simu, na muuzaji alikubali kusogeza tarehe. Kadi ya mume wangu iliporudi kwenye hesabu alama zake zilipanda, kwa kuwa ilikuwa nzuri. Kwako inaweza kuwa kinyume: ukiondoa pingamizi kwenye deni baya, deni linarudi na alama zinashuka. Kabla hujapiga simu yoyote, muulize afisa wako alama za chini anazozihitaji ni ngapi na una nafasi kiasi gani.

Wakikujibu "imethibitishwa" na wewe una ushahidi

Usirudishe barua ileile. Wanaweza kuikataa kwamba haina msingi. Leta kitu kipya: barua ya benki, hukumu, risiti, taarifa ya polisi. Kisha peleka malalamiko CFPB, ofisi ya serikali inayolinda walaji katika mambo ya fedha, kwenye consumerfinance.gov, ukiambatisha barua yako ya kwanza na risiti ya posta. Wanasheria wa haki za walaji hushika kesi hizi mara nyingi bila kukutoza mwanzoni, kwa kuwa ukishinda, sheria inamtaka mshtakiwa alipe gharama za wakili. Kwa ukiukaji wa makusudi fidia ya kisheria ni kati ya dola 100 na 1,000 hata kama huwezi kuonyesha hasara. Una miaka 2 tangu ulipogundua, na isizidi 5 tangu kosa lenyewe.

Kama akaunti ilifunguliwa na mwizi kwa jina lako, njia ni nyingine. Jaza taarifa kwenye IdentityTheft.gov, ipeleke kwa kampuni za krediti pamoja na kitambulisho, na sheria inawapa siku 4 za kazi kuizuia akaunti hiyo isionekane. Husubiri siku 30.

Wanaojiita wasafishaji wa krediti

Yule tuliyemlipa alichukua dola 600 siku ya kwanza, jikoni kwetu, na akaahidi pointi 100. Sheria ya mwaka 1996 inakataza kampuni za namna hii kuchukua pesa kabla ya kazi kufanyika, na inazitaka zikupe mkataba wa maandishi wenye haki ya kuuvunja ndani ya siku 3 za kazi bila kulipa chochote. Kila wanachoweza kukifanya kihalali unaweza kukifanya mwenyewe kwa gharama ya stempu. Wengi wao hupinga kila kitu kwa mpigo, na sasa unajua jinsi akaunti zako nzuri zinavyowekwa kando wakati huo. Kama umeshasaini na siku tatu hazijaisha, andika leo kwamba unavunja mkataba, tia tarehe, piga picha ya barua, na uitume kwa anwani iliyo kwenye mkataba huohuo.